Geji 12 au 20? Bunduki ya kanga na kwale kwa mwindaji wa Mwanza

"Nzito begani au nzito mkononi?"

Ndivyo mjomba alivyonijibu siku nilipoilalamikia bunduki. Ilikuwa yake kabla macho hayajaanza kumsumbua. Tulikwenda polisi, taratibu za kuhamisha umiliki zikafuatwa, ikaandikwa kwenye kibali changu. Msimu ule wa kwanza alikuwa bado anatembea nami, mkononi ana fimbo tu, kazi yake kuniangalia ninavyokosa. Tulikuwa tumetoka alfajiri kuzikata mbuga za Kwimba, ule udongo mweusi ukiwa umepasukapasuka kwa jua la Agosti na mabua ya mtama yamelala chini. Ilipofika saa tano nilikuwa nimeshaihamisha bunduki kutoka bega hili kwenda lile mara zisizo na idadi. Ni shotigani ya geji 12, mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Jioni niliining'iniza kwenye mizani yake ya kupimia sangara ikasoma kilo 3.2.

Jibu sikuwa nalo, maana sikujua kama hayo ni mambo mawili. Nzito begani ni ile unayoisikia ukitembea, saa baada ya saa, mpaka unaanza kuitafutia mti wa kuegemeza. Nzito mkononi ni ile unayoisikia kwale anapolipuka miguuni pako, umeshainyanyua, umeshamwona, lakini mtutu unamfuata kwa kujivuta kama ng'ombe wa jembe saa sita mchana. Bunduki yaweza kuwa na ugonjwa mmoja bila mwingine, na dawa zake hazifanani.

Wanaoniuliza siku hizi "ninunue 12 au 20?" mara nyingi wanataka kujua ipi ina nguvu zaidi. Hapa nitazilinganisha hizo mbili kwa kirefu na nyingine kwa kupita, kwa ajili ya mtu anayewinda ndege wa nchi kavu huku kwetu kanda ya ziwa: kanga, kwale, na njiwa au tombo wakitokea. Nachukulia kwamba kibali cha silaha unacho, au uko kwenye foleni yake kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwamba leseni ya kuwinda unaikata TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na unaisoma: ndege gani, wangapi, eneo gani. Ndani ya hifadhi ya taifa, iwe Saanane pale mjini, Rubondo au Serengeti, hakuna kuwinda. Kama hayo bado, mambo ya geji yanaweza kusubiri.

Namba inayokwenda kinyumenyume

Chukua ratili moja ya madini ya risasi, gramu 453.6. Yagawe uyafinyange tufe 12 zinazolingana. Tufe moja, gramu 37.8, ndiyo inayoenea sawasawa kwenye mtutu wa geji 12. Ukigawa mafungu 20, kila tufe inakuwa gramu 22.7, na mtutu wake ndio geji 20. Kwa hiyo namba ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba. Ile .410 ndiyo iliyotoroka kwenye hesabu hii. Hiyo ni kipenyo chake kwa inchi, na ukiilazimisha iwe geji inakuja kama 67.

Kiswahili chetu kina mtego wake hapa, maana risasi ni madini na risasi ni kile unachokifyatua. Nikisema risasi kuanzia sasa nina maana ya ile nzima unayoitia kwenye chemba (ule mwanzo wa mtutu, upande wa nyuma, risasi inapokaa), yenye ganda, kiwashio, baruti na mzigo wake. Mzigo wenyewe, zile chembe za duara ambazo wengine huziita gololi, nitauita marisau.

| Geji | Kipenyo cha mtutu | Mzigo wa kawaida | Uzito wa bunduki unaoendana nao |
|---|---|---|---|
| 12 | mm 18.5 | g 28–36 | kg 2.7–3.5 |
| 16 | mm 16.8 | g 26–30 | kg 2.5–2.9 |
| 20 | mm 15.6 | g 24–28 | kg 2.3–2.7 |
| 28 | mm 14.0 | g 21 | kg 2.0 |
| .410 | mm 10.4 | g 14–19 | kg 1.3–1.8 |

Safu ya mwisho nimeipata kwa kanuni ya zamani ya W. W. Greener, fundi bunduki wa Birmingham: bunduki iwe na uzito mara 96 wa mzigo wa marisau. Gramu 28 mara 96 ni kilo 2.7 hivi, na gramu 36 mara 96 ni karibu kilo 3.5. Kanuni hiyo haihusu nguvu ya kumwangusha ndege. Inahusu bega lako, na nitairudia.

"Kumi na mbili inapiga mbali"

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwenye risasi za kawaida za ndege, marisau hutoka mtutuni kwa mwendo unaokaribiana, iwe 12 au 20. Chembe moja ya milimita 2.6 ikishatoka haijui imetoka kwenye mtutu gani. Ikimkuta kanga mita 30 itampiga kwa nguvu ileile. Tofauti iko kwenye wingi: mtutu mpana unabeba chembe nyingi zaidi kwa mara moja, basi.

Sasa wingi unaotosha ni upi? Wapigaji hupima kwa duara la sentimita 76, umbali wa mita 36 na nusu. Choki, yaani ule mbano wa mdomo wa mtutu, ndiyo inayoamua asilimia ngapi ya marisau itaingia kwenye duara hilo. Choki ya kati huingiza kama 60, iliyobana kabisa kama 70, na mtutu usio na mbano kama 40. Gramu 28 za marisau ya milimita 2.6 ni chembe kama 270. Asilimia 60 yake ni 162. Gramu 24 zitakupa kama 139 ndani ya duara, na gramu 36 kama 208. Waingereza, kwa ndege wao feasanti ambaye kwa umbo hayuko mbali na kanga wetu wa kilo moja na ushee, huridhika na chembe 120.

Rudia hesabu hiyo polepole. Bunduki ya 20 yenye mzigo mdogo wa gramu 24, kwa choki ya kati, bado inavuka 120 katika umbali ambao wengi wetu hatuwezi kumpiga ndege anayeruka hata tukipewa mzinga wa meli. Gramu 36 za geji 12 zinakuongezea akiba ya mita chache. Hazikuongezei mita ishirini.

Ila 12 nisiionee. Gramu 28 zikikaa kwenye mtutu mpana hupangika safu fupi. Zikikaa kwenye mtutu wa 20 safu inarefuka, na baruti inapolipuka zile za chini hufinywa zaidi, zikapoteza uduara na kukimbilia pembeni. Kwa hiyo mzigo uleule kwa kawaida hutandaa vizuri kidogo zaidi kutoka kwenye 12. Nimesema kidogo.

Usiniamini mimi, pima. Sisi tulipima. Shemeji yangu ana 20 yake, mitutu imekaa juu na chini, kilo 2.6 kwenye mizani ileile ya sangara. Tulifungua katoni la friji tukaliegemeza kwenye kichuguu kikubwa, tukapiga msumari katikati, tukafunga uzi wa sentimita 38 na kuchora duara kwa mkaa. Kila mtu na bunduki yake, risasi tatu tatu, katoni jipya kila mara, kisha tukakaa chini kuhesabu matundu, kila tundu tukilipaka mkaa ili lisihesabiwe mara mbili. Kazi ya kuchosha macho. Wote tulitumia gramu 28. Kati ya wastani wangu na wake tofauti haikufika hata chembe ishirini. Nilichokumbuka ni kitu kingine kabisa. Marisau ya mtutu wangu wa kulia yote yalikuwa yamehamia kushoto, upana wa kiganja kizima, na kwenye kona ya juu ya duara palikuwa na eneo tupu la kukaa sahani. Kwale mzima angepita pale akiwa anaimba. Nilikuwa nimeshatumia msimu mmoja kuilaumu geji.

(Soma milimita kwenye boksi, usisome namba ya ukubwa wa marisau. Namba 6 ya Kiingereza ni mm 2.6. Namba 6 ya Kimarekani ni mm 2.8. Dukani zinaweza kukaa rafu moja.)

Teke

Nilianza na gramu 36 kwa sababu ziliandikwa maneno ya kishujaa kwenye boksi. Kwa kanuni ya Greener, bunduki ya kilo 3.2 inataka gramu 33 na si zaidi. Gramu tatu zinaonekana si kitu. Lakini huku kwetu kuna jambo ambalo Greener hakulifikiria: yeye na wateja wake walivaa makoti ya sufu. Mimi Agosti saa nne asubuhi nina shati. Kati ya kitako na mfupa hakuna kitu. Baada ya risasi kumi bega lilikuwa limevia damu, na hilo ningelivumilia. Ubaya wenyewe ni kwamba nilianza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Hutajua kama unafumba. Mjomba ndiye aliyeona.

Teke linakwenda hivi. Risasi ileile ukiitoa kwenye bunduki ya kilo 3.4 ukaitia kwenye ya kilo 2.6, nguvu ya teke inaongezeka kama asilimia 30. Ukibaki na bunduki yako lakini ukapandisha mzigo kutoka gramu 28 hadi 36 kwa mwendo uleule, inaongezeka zaidi ya nusu. Mzigo unauma kuliko wepesi. Kwa hiyo mtu anayekuambia "20 ina teke dogo" amesema nusu tu. 20 nyepesi iliyotiwa risasi ndefu za milimita 76 zenye mzigo wa geji 12 itakupiga teke kuliko 12 yenyewe. Wapo wanaonunua 20 kwa ajili ya wepesi, halafu wananunua risasi hizo ili "isipitwe". Hawa wamenunua ubaya wa pande zote mbili.

Nilipoteremka hadi gramu 28 niliacha kufumba macho. Ndege hawakulalamika.

Kwale anataka hiki, kanga anataka kile

Kwale hapendi kuruka. Atakimbia mbele yako ndani ya nyasi mpaka kichaka kiishe, kisha atalipuka hatua tano au sita mbele kwa makelele yanayoshtua moyo. Una sekunde mbili hivi kabla hajajitupa nyuma ya mgunga. Risasi nyingi za kwale hupigwa kati ya mita 15 na 25. Hapo shemeji na 20 yake ananishinda, na sitafuti kisingizio. Bunduki nyepesi inaanza upesi. Umbali huo hata choki hutaki, maana iliyobana itamchana ndege mpaka asifae kwa mchuzi.

Kanga ni habari nyingine. Asubuhi wanatoka kundi zima kuja kuokota dengu na mtama uliosalia shambani, wana macho mia, na wakikuona wanakimbia. Kanga anayekimbia kwenye mbuga tupu humkuti kwa miguu hivi hivi. Inabidi wawili mjigawe, mmoja azunguke, wabanwe mpaka waone heri kuruka. Wakiruka wanaruka moja kwa moja, mwendo wa kueleweka, mita 30 na kuendelea. Hapo bunduki yenye uzito kiasi inasaidia, kwa sababu mtutu ukishaanza kwenda unaendelea kwenda. Ile nyepesi husimama mara tu unapovuta kifyatulio, na marisau yanapita nyuma ya mkia. Shemeji hukosa kanga kwa namna hiyohiyo kila msimu, na kila msimu analaumu upepo.

Kundi likiwa chini, au limekwea mti kulala jioni, mtu mwenye tamaa ataona rahisi. Usipige. Utaua mmoja na kujeruhi watano wasioonekana, na watakwenda kufia kichakani. Isitoshe, kuwinda usiku ni kosa, na kuwinda toka kwenye gari vilevile.

Na umjue ndege kabla hajaruka. Ukanda huu kuna kwale mwenye kidari cha kijivu ambaye duniani kote hapatikani nje ya Tanzania. Makazi yake ni upande huu wa Serengeti na kusini-mashariki mwa ziwa. Wa shingo ya njano anajulikana kwa mbali, huyu wa kijivu anataka jicho. Leseni haisemi tu "kwale".

Sasa ule uzito wa begani. Tofauti yetu mimi na shemeji ni gramu 600, kama chupa ya maji ya nusu lita na kikombe juu yake. Saa moja ya kwanza ni kichekesho. Baada ya kilomita kumi na mbili za kupandisha na kushuka, gramu 600 zimeshaamua mtutu wako umeelekea wapi: wake bado uko juu kifuani, wangu umeshuka hadi nyongani. Kwale hulipuka saa hiyohiyo. Na kuna siku, tukivuka majaruba ya mpunga, mdomo wa mtutu wangu uligusa tope kwa uchovu wangu mwenyewe. Bahati nilikuwa nimeshatoa risasi kabla ya kuvuka. Mtutu ulioziba tope ukifyatuliwa unapasuka. Tuliusafisha kwa ufito na kipande cha kanga ya shangazi, mwisho wa uwindaji kwa siku hiyo.

Dukani

Mengi ya haya niliyosema yanaipendelea 20, na kama tungekuwa tunaishi mahali ambapo risasi zinapatikana kama chumvi ningekwambia nunua 20 ukaishi kwa raha. Lakini risasi hazinunuliwi kama karanga. Muuzaji ataangalia kibali, ataangalia silaha iliyoandikwa, ndipo afungue kabati. Na kabatini, kwa miaka yote niliyokwenda, za 12 zipo. Za 20 ni "wiki ijayo". Shemeji ameshakosa mwezi mzima wa msimu akisubiri wiki ijayo, na zilipofika zikawa za marisau makubwa, hazina kazi kwa kwale.

16 naipenda kwa karatasi. Ni katikati halisi. Wajerumani na Wafaransa waliipenda sana, na bunduki za kurithi za geji hiyo bado zimo majumbani. Ukibahatika kuirithi angalia chemba yake kwanza, maana nyingi za zamani zilichongwa kwa risasi ya milimita 65. Ya milimita 70 itaingia vizuri kabisa, ndiyo hatari yenyewe. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda unafunguka pasipo na nafasi na shinikizo linapanda. Fundi apime. Kisha utafute risasi, nakutakia subira.

28 na .410 nitazipitia haraka. 28 ni bunduki tamu ya tombo na njiwa, ila kanga hazai ugenini, na risasi za 28 hapa kwetu nazo hazizai. .410 watu humnunulia kijana anayejifunza, wakidhani ni rahisi kwa kuwa ni ndogo. Fanya ile hesabu ya duara: gramu 18 kwa choki ya kati zinakuachia chembe kama 104. Ni bunduki ya mtu mwenye shabaha anayejua kujizuia mpaka mita 25. Mwanafunzi mpe 20 yenye gramu 24.

Pampu, zile za kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele ili iingie risasi nyingine, na zile zinazojipakia zenyewe huwa ndefu na nyingi za geji 12 zinavuka kilo 3. Zinazojipakia hulainisha teke kiasi. Mimi napenda ya kukunjua, ile inayofunguka katikati kwenye bawaba, kwa sababu moja tu. Ikikunjuliwa, kila mtu kwenye kundi anaona kwamba haiwezi kufyatuka.

Kwenye mfuko mmoja

Kuna jambo moja ambalo ukilisahau mengine yote hayana maana. Tulikuwa tumekaa chini ya mkwaju, tumekula viazi, mfuko wa risasi umetundikwa kwenye tawi. Mfuko mmoja kwa watu wawili, kwa uvivu. Kundi likalia upande wa pili wa kilima, nikainuka nikachovya mkono bila kuangalia, nikaitia risasi kwenye mtutu wa kulia. Haikukaa. Niliisikia ikiteleza ndani, sauti ndogo ya chuma, kimya.

"Shem, hebu subiri," akasema shemeji. "Ya kwangu hiyo."

Risasi ya 20 inapita kwenye chemba ya 12 na kukwama mbele yake, ndani ya mtutu. Mtu mwenye haraka atafunga, atavuta kifyatulio, hakuna kitu. Atakunjua, ataona chemba iko tupu, ataongeza ya 12 nyuma yake na kuvuta tena. Mkono wa kushoto uko hapohapo juu ya mtutu unaopasuka. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hupaka maganda ya 20 rangi ya manjano, ionekane. Mimi sikuangalia. Tangu siku hiyo kila mtu na mkanda wake, na kama nyumba moja ina geji zote mbili zikae makabati mawili.

Ukishuka ziwani

Wapo watakaotaka bunduki hiyohiyo iwafae pia kwa bata, kama leseni inawaruhusu. Hapa 12 inashinda bila ubishi, na sababu yake iko kwenye matope. Marisau ya madini ya risasi yakizama kwenye maji ya kina kifupi, bata huyameza pamoja na changarawe na kufa kwa sumu polepole. Mkataba wa ndege wa majini wanaohama, AEWA, ambao Tanzania imo, unataka marisau hayo yaachwe kwenye ardhioevu. Badala yake ni chuma. Chuma ni chepesi, gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3, kwa hiyo unahitaji chembe kubwa zaidi ili zifike na nguvu, na chembe kubwa zinataka nafasi. Kwenye ganda la 20 nafasi hiyo ni finyu. Ila usitie chuma kwenye bunduki ya mjomba. Mitutu myembamba ya zamani yenye choki iliyobana haikuundwa kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo

Kama utakuwa na bunduki moja tu na unakaa Mwanza, tafuta geji 12 isiyozidi kilo 3 na robo, uilishe gramu 28, na uyaache maboksi ya maneno ya kishujaa kwa wengine. Kwa uzito huo teke ni dogo, risasi zinapatikana, na kanga na kwale wote wamo ndani. Kama mwili wako ni mwepesi, au umeshavuka miaka sitini, au kwale ndiye unayemfuata na una uhakika wa mahali pa kupata risasi, chukua 20 ya kilo 2.6 na usitazame nyuma. Mwenye 12 ya kilo 3.6 aliyokwisha kuinunua asiuze. Apunguze mwendo, atafute kanga.

Kabla ya kulipa, ikunjue muuzaji aone iko tupu, ifunge, kisha iegemeze juu ya kidole kimoja kwenye bawaba. Ikilala sawa, uzito wake umekaa kati ya mikono yako miwili. Ikipiga magoti mbele, ndiyo nzito mkononi, hata kama mizani inasema kilo 2.7.

Ya kwangu ilipiga magoti. Niligundua hilo msimu wa pili, nikamfuata mjomba barazani nikiwa na jibu lake mwaka mzima baadaye.

"Nzito mkononi, mjomba. Begani naiweza."

Akaicheka, akaomba bisibisi. Tulifungua bamba la kitako, ndani kulikuwa na tundu ambalo fundi wa zamani aliliacha. Akanituma Mwaloni, Kirumba, kununua chubwi za nyavu. Tulizifunga mbili kwenye kitambaa zisilie, tukazisokomeza, tukakaza bamba. Mizani ya sangara sasa inasoma kilo 3.3. Niliinyanyua kumfuata kunguru aliyekuwa anapita juu ya mwembe, tupu, imefungwa, kwa kujaribu tu, na mtutu ukaenda naye kana kwamba mtu amepunguza kitu.

"Umeongeza uzito," nikamwambia.

"Nimeurudisha kwao," akasema, akanipa bisibisi niirudishe ndani.